Fahamu: Mafunzo ya ualimu wa awali na kambi ya Nduta

Ni nini?

Ni kumwandaa mwalimu wa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza: ukuaji wa mtoto, michezo yenye shabaha, zana za udongo na vifuniko vya chupa.

Kwa nini Nduta?

Kambi hii ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kupokea Warundi, na shule zake zimefuata mtaala wa Burundi. Wapo wasemao kulea hakuhitaji chuo, kila mama anajua. Lakini mama halei darasa zima kwa pamoja, tena la watoto ambao familia zao zilikimbia machafuko. Semina fupi husaidia, sikatai. Ila isipozaa cheti kinachotambulika Burundi, mwalimu akirejea kwao ataanza upya.