Haki ya Kufungua Shauri na Madai ya Fidia katika Mashauri ya Kundi ya Wanahisa nchini Marekani

1. Utangulizi

Mwanahisa anapobaini kwamba viongozi wa kampuni walitoa taarifa za uongo, jambo linalomuumiza kwanza ni uongo wenyewe. Mahakama za Marekani, hata hivyo, haziridhiki na uthibitisho wa uongo pekee. Huuliza pia iwapo mdai ana haki ya kufungua shauri, na iwapo hasara anayodai ilisababishwa na uongo huo. Makala haya yanafafanua masharti hayo mawili na kuonesha kwamba, yakisomwa pamoja, humwacha bila fidia mwanahisa aliyebaki na hisa zake kwa kuamini alichoambiwa.

Msingi wa mashauri mengi ya aina hii ni Kifungu cha 10(b) cha Sheria ya Masoko ya Dhamana ya mwaka 1934 na Kanuni ya 10b-5 iliyotungwa mwaka 1942. Kifungu na kanuni hiyo havitaji waziwazi haki ya mtu binafsi kudai fidia. Haki hiyo ilitokana na hukumu za mahakama, na kwa sababu hiyo mahakama ndizo zilizoiwekea mipaka.

2. Haki ya kufungua shauri

Mpaka mkuu uliwekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1975 katika shauri la Blue Chip Stamps. Kampuni hiyo ilitakiwa, kutokana na makubaliano ya kumaliza kesi ya serikali kuhusu ushindani, kuwapa wafanyabiashara waliokuwa wakitumia huduma zake nafasi ya kununua hisa. Mfanyabiashara mmoja ambaye hakununua alidai kwamba waraka wa mauzo ulitia chumvi hali mbaya ya kampuni ili kuwakatisha tamaa wanunuzi, kisha hisa walizozikataa ziuzwe kwa umma kwa bei ya juu. Mahakama iliamua kwamba anayeweza kudai fidia chini ya Kanuni ya 10b-5 ni mtu aliyenunua au kuuza hisa tu. Sababu yake ilikuwa ya kiutendaji: dai la mtu asiyefanya biashara yoyote hutegemea maneno yake mwenyewe kuhusu alichokusudia kufanya, na ni vigumu kulipinga kwa ushahidi.

Kwa uamuzi huo, makundi mawili yalibaki nje: walioshawishiwa wasinunue na walioshawishiwa wasiuze. Aidha, ikiwa hasara ni ya kampuni yenyewe, kwa mfano viongozi wanapofuja mali yake, mwanahisa hutakiwa kufungua shauri kwa niaba ya kampuni, na kinachopatikana kwa kawaida huingia katika hazina ya kampuni.

Hukumu za baadaye zimeubana mlango huo zaidi. Mwaka 2010, katika shauri la Morrison, Mahakama iliamua kwamba Kifungu cha 10(b) kinahusu dhamana zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani na miamala mingine iliyofanyika nchini humo. Mwaka 2023, katika shauri la Slack lililohusu Kifungu cha 11 cha Sheria ya Dhamana ya mwaka 1933, ilielezwa kwamba mdai lazima aoneshe kuwa hisa alizonunua ziliuzwa chini ya waraka wa usajili anaoulalamikia. Pale hisa zilizosajiliwa na zisizosajiliwa zinapouzwa kwa pamoja sokoni, uthibitisho huo ni mgumu mno.

3. Hasara na kipimo cha fidia

Mdai aliyenunua hisa huvuka mlango wa kwanza. Hatakiwi kuthibitisha kwamba alisoma taarifa ya uongo, kwani tangu shauri la Basic la mwaka 1988 huchukuliwa kwamba bei katika soko lenye ufanisi hubeba taarifa zote za umma. Dhana hiyo ndiyo inayowezesha maelfu ya wanunuzi kuunganishwa katika kundi moja, ingawa mdaiwa anaruhusiwa kuipinga.

Hata hivyo, kununua kwa bei iliyopandishwa na uongo si hasara kwa yenyewe. Hilo liliamuliwa mwaka 2005 katika shauri la Dura. Mnunuzi anayeuza kabla ukweli haujajulikana huupitisha uongo kwa mnunuzi mwingine kwa bei ileile. Hasara hutokea pale ukweli unapofichuka na bei ikashuka kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya hali ya uchumi au matatizo mengine ya kampuni.

Mfano wa kufikirika unasaidia. Hisa inauzwa dola 30, ilhali bila uongo ingeuzwa dola 25. Ukweli unapotangazwa, bei inashuka hadi dola 25. Mnunuzi anayeendelea kuimiliki amepoteza dola 5 kwa kila hisa. Lakini sheria ya mageuzi ya mwaka 1995 iliweka kikomo: fidia haizidi tofauti kati ya bei ya ununuzi na wastani wa bei katika siku 90 baada ya ukweli kutangazwa. Wastani huo ukiwa dola 28, kiwango cha juu ni dola 2 tu.

4. Hitimisho

Masharti haya yana mantiki: huzuia madai ya kubuni na kutenganisha uongo na misukosuko ya kawaida ya soko. Lakini yana gharama yake. Fidia hulipwa mara nyingi na kampuni au bima yake, si na viongozi waliosema uongo. Fedha za kampuni zikitumika, thamani inayopungua ni ya wanahisa wake wa sasa. Hivyo basi, mwanahisa aliyenunua zamani na kubaki na hisa kwa sababu ya uongo huumia mara mbili: kwanza bei inaposhuka, kisha anapochangia, kupitia hisa zake, fidia ya wengine ambayo yeye mwenyewe hana haki ya kuidai.