Perege Yupi wa Kutia Bwawani?

Ndugu mkulima, bwawa likisha kuchimbwa na maji yakatulia, swali linalobaki ni hili: utie samaki gani? Wengi huku Voi na Taveta hujibu "perege", na jibu hilo ni jema. Perege hupenda maji ya digrii 25 hadi 30, na nchi yetu ya chini ina joto la kumtosha. Walio milimani, upande wa Wundanyi, wajue kwamba maji yakishuka chini ya digrii 20 perege hula kidogo na hukua polepole mno.

Lakini perege yupi? Jike huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, angali mdogo asiyejaza kiganja. Mayai huyaweka kinywani mpaka watoto waanguliwe, kwa hiyo wengi hupona, kisha baada ya wiki chache huzaa tena. Ukitia madume na majike pamoja, chakula unachotupa asubuhi kitagawanywa kwa midomo isiyohesabika. Siku ya kuvua utatoa ndoo kwa ndoo za vidagaa visivyo na mnunuzi. Katika mpango wa serikali wa 2009 na 2010 mabwawa mengi ya mita za mraba 300 yalichimbwa nchini, kila moja kwa vifaranga 1,000. Hesabu hiyo ni nzuri, mradi vibaki 1,000.

Basi tia madume. Dume hukua upesi, maana jike mwenye mayai kinywani hali. Vituo vya kuzalisha samaki huuza vifaranga vilivyofanywa kuwa madume. Uliza kabla ya kulipa. Au wachague mwenyewe wakifika uzito wa gramu 30 hivi. Lowesha mkono, mshike samaki tumbo juu, utazame mbele ya pezi la chini lililo karibu na mkia. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na lile la katikati ni kama mkato mdogo uliokingama. Ukipaka wino kidogo mkato huonekana vizuri. Kazi hii wape watoto wa shule, macho yao ni makali kuliko yetu. Majike wapeleke jikoni.

Hata hivyo majike wachache watapenya, na kwa ajili yao yafaa kambare. Wamarekani katika mabwawa yao hutia samaki wadogo wa jamii ya sanfishi pamoja na besi, ambaye huwala watoto wa wenzake. Besi huyo ndiye aliyeletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwetu kazi hiyo ni ya kambare. Tia mmoja kwa kila perege 20, na awe mdogo kuliko perege wenyewe, la sivyo atawala hao unaowafuga. Hazai ovyo bwawani. Ila usiku wa mvua hutambaa akatoka, basi zungushia wavu ukingoni. (Ndovu wa Tsavo hawazuiliki kwa wavu, jirani na mbuga, usichimbe bwawa kabla ya kusema na askari wa wanyama.)

Liko jambo jingine, na hili ni la watu wa Taveta hasa. Perege anayeuzwa sana ni yule wa Nili, mwenye mistari iliyosimama mkiani. Hukua vizuri, lakini si mwenyeji. Ziwa Jipe lina perege wake, na Ziwa Challa lina wake asiyepatikana penginepo duniani. Wote wawili sasa wamo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mgeni akiingia ziwani huzaa na wenyeji, na mbegu ya asili huchafuka. Mto Lumi huingia Jipe. Kama maji ya bwawa lako hutelemka Lumi, au mafuriko huyafikia, usimtie perege wa Nili hata akiwa dume, maana katika kundi la "madume" hapakosi jike. Fuga kambare peke yake, au umwombe Bwana Samaki akutafutie mbegu ya wenyeji.

Kwa mkulima wa Voi, ambaye maji yake hayaendi Jipe, madume wa Nili wanafaa. Funga wavu wenye matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na uusafishe kila wiki usizibe.