Ndoo ya Bati ni ya Maji, Si ya Sharubati

Miaka michache iliyopita nilialikwa harusini huko Kilungu, Kaunti ya Makueni. Wenye sherehe walikamua machungwa na malimau jioni, wakailaza sharubati katika ndoo mbili mpya za bati. Kesho yake, hata saa moja haijapita tangu wageni wanywe, watu walianza kushika matumbo na kutapika. Walilalamika kuwa na ladha ya chuma kinywani. Hakuna aliyekuwa na homa.

Kufikia alasiri, neno “kamuti” lilikuwa likinong’onwa kila pembe, na macho yakamgeukia mama mmoja mzee aliyekuwa amekoroga sharubati ile. Niliomba ndoo zimwagwe. Pale ilipofika sharubati, bati lilikuwa limefifia na kuwa la kijivu. Juu yake, lilikuwa bado likimetameta. Mama hakuwa na hatia. Wageni walikuwa wamekunywa zinki.

Njia mbili za kuvisha chuma

Chuma kitupu hushika kutu upesi, kwa hivyo viwandani huvishwa madini mengine. Njia ya kwanza ni kukitumbukiza katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Utando wake huwa mnene na hushikamana na chuma barabara. Ndivyo zinavyotengenezwa ndoo, makarai na mabati ya nyumba. Mabati mengi ya siku hizi huvishwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43 hivi na silikoni kidogo. Hayo hudumu zaidi.

Njia ya pili hutumia umeme. Kifaa hutiwa katika maji yenye chumvi za madini, umeme ukapitishwa, na madini yakajikusanya juu yake. Utando huu huwa mwembamba na wa kupendeza macho. Utauona kwenye mifereji ya bafuni, saa, mikufu na herini za “dhahabu”.

Hatari iko wapi?

Zinki yenyewe si adui. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza watoto wanaohara wapewe miligramu 20 za zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu ya hiyo kwa walio chini ya miezi sita. Tatizo ni kipimo. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa la mabati hadi tangini huchukua zinki kidogo sana, nawe unaweza kuyanywa ukishayachemsha. Lakini ukali wa malimau, siki, maziwa ya mgando, uji uliochachuka au pombe ya kienyeji huyeyusha zinki kwa wingi, hasa vikilazwa usiku kucha.

Vyakula hivyo viweke katika kibuyu, chombo cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho hakikuvishwa kitu. Kromiamu imechanganywa ndani yake chote.

Aliyedhurika apewe maji yenye chumvi na sukari ya dukani, kidogo kidogo. Wengi hupona kwa siku moja. Akihara sana, akitapika damu, au akiwa mtoto asiyeweza kunywa, mkimbize hospitalini. Huenda ni kipindupindu.

Fundi na bibi harusi

Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma vilivyovishwa zinki huvuta moshi wake mweupe. Saa chache baadaye hutetemeka kwa homa, kifua kikabana, wakadhani ni malaria. Wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha mapafu. Ndugu yangu, maziwa huenda tumboni, si mapafuni! Kwangua zinki kwanza mahali pa kuchomelea, vaa kinga ifaayo, na ufanyie kazi mahali penye hewa ya kutosha. Homa hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Isipoisha, nenda ukapimwe.

Nao wanaovaa herini za kuvishwa kwa umeme wajue kwamba chini ya dhahabu ile nyembamba mara nyingi kuna nikeli. Dhahabu ikichakaa, nikeli hugusa ngozi, na sikio likawasha, likavimba na kutoa maji. Mwili ukishaikataa nikeli, huikataa maisha yote. Sikio lililotobolewa juzi livishwe dhahabu halisi au titani.

Kule Kilungu, mama mzee aliombwa radhi kabla ya jua kutua. Si kila mahali pana daktari miongoni mwa wageni. Basi watu wakitapika baada ya karamu, tazama kwanza ndani ya ndoo kabla ya kumnyoshea jirani kidole.