Picha za kuchekesha zina sheria zake

BARABARA ya kutoka Busia hadi Malaba haikosi vituko: boda boda iliyobeba kitanda, au dereva akijipikia ugali kando ya lori lake. Picha hizo husambazwa kwa simu na kuwachekesha watu wa pande zote mbili za mpaka.

Hata hivyo, kicheko cha wengi huweza kuwa fedheha ya mmoja. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data za kibinafsi mwaka wa 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni miongoni mwa data hizo.

Sheria ya Kenya haigusi matumizi ya kibinafsi au ya nyumbani. Biashara inayotumia sura ya mtu kuvutia wateja, lakini, huhitaji idhini yake. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja.

Mwenye duka mpakani na aombe ruhusa mapema. Picha ikishavuka Malaba, hakuna afisa wa forodha wa kuirudisha.