Kashfa Isiyo na Kadhi

Katika A Clash of Kings, riwaya ya George R. R. Martin iliyotoka mwaka 1998, Stannis Baratheon anatuma kunguru kila pembe ya Falme Saba wakiwa na barua nzito: Joffrey, mfalme aliyeko kitini, si mtoto wa marehemu Mfalme Robert, kaka yake Stannis. Baba yake ni Jaime Lannister, pacha wa malkia mwenyewe. Zinaa, tena ya maharimu, na mrithi wa uongo juu yake. Ungetegemea utawala uanguke kabla ya jua kuchwa, lakini hata kutikisika haukutikisika.

Tatizo la kwanza ni ushahidi, ambao wote ni nywele. Watoto wa nje wa Robert wana nywele nyeusi, wa malkia wana nywele za dhahabu, na kitabu kimoja cha nasaba kinaonyesha kwamba kila Baratheon na Lannister walipooana, weusi ndio uliotawala. Kwa bwana mwenye ngome, hayo ni maneno ya mtu anayekitaka kiti. Tena upande wa pili haukujisumbua kukanusha: Petyr Baelish, mmoja wa washauri wa Joffrey, alishauri zienezwe fununu kwamba binti wa Stannis naye kazaliwa na mchekeshaji wa kasri, mwendawazimu. Ngoma droo.

Lakini tuseme ushahidi ungekuwa safi kama maji. Ungepelekwa wapi? Falme Saba hazina bunge wala mahakama inayoweza kumwita mfalme. Dini ipo, ila wafalme wa ukoo wa Targaryen, waliooana ndugu kwa ndugu, waliipokonya silaha vizazi vingi nyuma. Kwa hiyo kila bwana anaisoma barua peke yake, kisha anahesabu askari. Renly, mdogo wake Stannis aliyejitangaza mfalme naye, alikuwa kwa Bwana Tarly barua ilipofika, akaichukulia kama hadithi tamu tu. Akina Tyrell waliokuwa wakimuunga mkono walikuwa na jeshi kubwa na maghala yaliyojaa nafaka. Renly alipouawa, walikwenda kwa Joffrey yuleyule na kumpa binti yao, Margaery. Mwenye nguvu mpishe.

Wengi husema ndivyo enzi za kati zilivyokuwa. Sivyo. Mwaka 1314 wake wa wana wawili wa Philip wa Nne wa Ufaransa walitiwa hatiani kwa uzinzi na wanajeshi wawili, ndugu wa tumbo moja. Wanaume waliuawa kikatili, wanawake wakafungwa. Miaka miwili baadaye Louis wa Kumi, mwana wa Philip aliyemrithi, alipofariki, bintiye Jeanne, mtoto wa mmoja wa wafungwa hao, aliachwa kando huku uhalali wake ukitiliwa shaka, na mwaka 1317 mkutano wa wakuu mjini Paris ukaamua kwamba mwanamke harithi taji la Ufaransa. Ugomvi wa urithi uliozuka baadaye ukachangia Vita vya Miaka Mia. Martin anaifahamu habari hiyo vizuri, kwani amewahi kuzisifu waziwazi riwaya za Maurice Druon zinazoisimulia. Waigaji wake wengi, kwa maoni yangu, wamechukua taji na panga za enzi zile, wakawaacha maaskofu, mahakimu na mabaraza.

Yeye mwenyewe hakuwaacha kabisa. Katika A Feast for Crows ya mwaka 2005, Cersei, yule malkia mama yake Joffrey, anaelemewa na deni ambalo serikali inadaiwa na viongozi wa dini. Ili asamehewe, anawaruhusu waunde tena jeshi lao. Ni uamuzi wa kihasibu, wa mtu anayetafuta nafuu ya mwezi huu. Muda si mrefu jeshi hilo linamtia ndani, maana sasa yupo kadhi mwenye askari, na dhambi zilizokuwa porojo za jikoni zimegeuka mashtaka. Katika riwaya inayofuata, A Dance with Dragons, Cersei anaungama kulala na binamu yake Lancel na akina Kettleblack, ananyolewa nywele na kutembezwa uchi mbele ya umati. La Jaime, lile ambalo lingewavua wanawe taji, analikana, naye Tommen, aliyerithi kiti baada ya kifo cha kaka yake Joffrey, anaendelea kutawala.