Kufunga muziki kwenye gari (3): Besi hutoka kwenye boksi

Katika sehemu mbili zilizopita tulifuata njia ya umeme. Tuliona kwa nini waya wa amplifaya uanzie kwenye betri yenyewe, kwa nini fyuzi yake isikae mbali zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na kwa nini waya wa ethi ufungwe kwenye bodi iliyopigwa msasa mpaka bati ling'ae. Leo tunafika kwenye swali ambalo wengi hulijibu kwa kwenda kununua kitu kikubwa zaidi: inakuwaje sabufa ileile ipige besi safi kwenye gari moja, na kwenye jingine itoe mvumo mzito usioeleweka?

Sabufa peke yake ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni boksi, na boksi likikosewa hakuna idadi ya wati itakayolisahihisha.

Wati za kweli na wati za katoni

Tuanze na wati, maana ndizo zinazowapotosha wanunuzi. Katika maduka ya Kariakoo hutakosa amplifaya iliyoandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa. Igeuze utazame fyuzi yake. Ikiwa ni moja tu, ya ampea 30, chombo hicho hakiwezi kuvuta zaidi ya hapo kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Injini ikiwaka, alteneta hutoa takribani volti 14. Ampea 30 mara volti 14 ni wati 420 zinazoingia. Amplifaya za daraja la AB hupeleka kama nusu ya umeme huo kwenye spika na unaobaki huwa joto. Za daraja la D hupeleka asilimia 80 au zaidi. Kwa hiyo zile wati 2,000 ni kati ya 210 na 340 hivi. Namba ya kuiamini ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Hata wati zikiwa za kweli, sikio halizihesabu moja moja. Ukizidisha nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 200 hadi 400, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili msikilizaji aone sauti imekua mara mbili, huhitajika takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Mtu anaweza kumaliza akiba yake kwenye amplifaya ya pili na ya tatu, wakati dosari iko kwenye mbao alizopigiliwa bila vipimo.

Kwa nini boksi

Koni ya sabufa inaposukuma hewa kwa mbele, mgongo wake unaivuta hewa kwa nyuma. Hayo ni mawimbi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Yakikutana yanafutana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu kutoka upande wake. Ndiyo maana sabufa isiyo na boksi hutikisika sana na besi haisikiki. Kazi ya kwanza ya boksi ni kulitenga wimbi la nyuma. Kazi ya pili ni kuidhibiti koni: hewa iliyofungiwa ndani huisukuma irudi mahali pake kila inapotoka.

Kwa miongo mingi ukubwa wa boksi ulikadiriwa kwa kubahatisha. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu zinazoonyesha jinsi spika na boksi lake vinavyofanya kazi kama mfumo mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza. Vipimo vinavyoitwa kwa majina yao, Thiele-Small, ndivyo vinavyochapwa kwenye karatasi inayokuja na sabufa nzuri: Fs, Qes, Qts na Vas. Wengi huitupa karatasi hiyo pamoja na katoni. Itunze, kwa sababu ndiyo inayokueleza boksi gani lijengwe.

Chukua Fs, yaani masafa ambayo koni hupenda kutikisika kwayo yenyewe, uigawe kwa Qes. Jibu likiwa karibu na 50 au chini yake, sabufa hiyo inafaa zaidi boksi lililozibwa kabisa. Likikaribia 100 au kulipita, inafaa boksi lenye tundu. Likiangukia katikati, uamuzi ni wako, na utegemee gari lako na muziki unaousikiliza.

Lililozibwa au lenye tundu?

Boksi lenye tundu hulitumia wimbi la nyuma badala ya kulifungia. Hewa iliyo kwenye bomba la tundu hutikisika katika masafa fulani, mara nyingi karibu na hezi 35, na kuongeza sauti hapo kwa kiasi cha desibeli 3, kana kwamba umeongeza amplifaya maradufu bila kulipia. Lakini faida hiyo ina gharama. Boksi huwa kubwa, hesabu ya bomba haina msamaha, na chini ya masafa hayo hewa huacha kuizuia koni, ikatoka kupita kiasi na kuharibika. Mwenye boksi la namna hii awashe kichujio cha masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya, na kama hakipo, asipandishe sauti kwa pupa.

Boksi la kuziba ni dogo na hustahimili makosa madogo. Besi yake hupungua taratibu kadiri masafa yanavyoshuka, na hapo gari lenyewe linaingia kusaidia. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Toyota IST haifiki mita 4 kutoka bampa hadi bampa, hivyo wimbi hilo halina nafasi ya kukunjuka ndani yake. Badala yake hewa yote iliyo ndani hugandamizwa na kuachiwa kwa pamoja, na kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo gari linavyoyaongezea nguvu. Mahali boksi linapopunguza, gari linafidia. Kwa sababu hiyo, kwa gari dogo la kila siku ninapendekeza boksi la kuziba.

Muziki nao una sauti katika uamuzi huu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41, na boksi la kuziba huifikia bila shida. Singeli huenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja lina chini ya sekunde 0.3. Boksi ambalo koni yake inaendelea kuvuma baada ya pigo kwisha litayachanganya mapigo hayo yawe mvumo mmoja. Kwenye taarabu, besi iliyolegea huufunika udi na fidla, na hiyo si haki kwa wapigaji.

Kulijenga

Tuseme karatasi ya sabufa yako ya inchi 12 inataka lita 32. Boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 50 kwa 35 kwa 20 lina lita 35, na mwili wa sabufa wenyewe hula lita 2 hadi 3. Kwa ubao wa MDF wa milimita 18, vipimo vya nje vitakuwa sentimita 53.6 kwa 38.6 kwa 23.6. Kabla ya kukata, hakikisha sumaku haitagusa ukuta wa nyuma. Mpe seremala namba hizo kwa maandishi. Paka gundi kwenye kila kiungo, kaza kwa skrubu, kisha pitisha silikoni kwenye pembe zote za ndani na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga sabufa. Tundu dogo linalovuja hutoa mluzi na kuiondolea hewa uwezo wa kuidhibiti koni. Mwisho, lifunge boksi kwenye bodi ya gari kwa bolti au mikanda imara. Mzigo huo ukirushwa mbele wakati wa ajali unaweza kuua.

Kuweka mipaka na kupima

Boksi likishakaa, gawa kazi. Kwenye spika za milango, weka kichujio cha juu kwenye hezi 80, ili zisihangaike na besi zisiyoiweza. Kwenye sabufa, weka kichujio cha chini kwenye hezi 80 hizohizo. Chini ya hapo sikio haliwezi kutambua kwa urahisi sauti inatoka wapi, na besi iliyo kwenye buti itasikika kana kwamba iko mbele pamoja na mwimbaji. Ukiisikia inatoka nyuma, kichujio kimepanda mno. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, ugeuze swichi ya fezi ya sabufa, na uchague upande ambao besi inajaa zaidi.

Kitufe cha gein si cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Zima kila kiongeza besi, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, chomoa waya za sabufa, kisha piga toni ya hezi 50. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye matokeo ya amplifaya, na upandishe gein polepole. Kikomo chake ni kipeuo cha pili cha wati zidisha omu. Kwa wati 400 za RMS kwenye sabufa ya omu 4, hiyo ni volti 40. Simama hapo. Ukipita, vilele vya mawimbi hukatwa, koili hupata joto kuliko inavyoweza kulitoa, na sabufa huungua hata kama amplifaya ni ndogo kuliko yenyewe.

Ukimaliza, kumbuka masikio. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama; kwa desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Makondakta wa daladala na matatu huzimaliza saa hizo kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza, na usikivu unaopotea kwa kelele haurudi. Mwenye gari anayeajiri vijana hao ana wajibu wa kuweka kikomo.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize mambo matatu: boksi lina lita ngapi, vichujio vimewekwa kwenye hezi ngapi, na gein ameipima kwa volti ngapi. Fundi aliyefanya kazi yake atakujibu kwa namba, na anastahili malipo kamili. Asiyejibu, mpe makala hii na muda wa kurudia kazi.

Wiki ijayo: spika za milango, na namna ya kuzuia bati lisitetemeke.