Kifaransa cha Nyumbani: Sikio Kwanza, Kamusi Baadaye

Atakaye kujifunza Kifaransa nyumbani kwa fedha kidogo aghalabu hukosea siku ya kwanza: hukimbilia kununua kamusi. Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo. Alikariri maneno kwa miezi mingi, kisha akamsemesha dereva wa lori kutoka Lubumbashi. Dereva akamjibu kwa Kiswahili, kwa huruma.

Kosa lilikuwa la macho. Sisi tumezoea lugha itamkwayo kama iandikwavyo. Mfaransa huandika "eau", yaani maji, akasema "o" tu. Herufi tano za "temps", yaani wakati, hubakia sauti mbili. Basi sikio litangulie. Redio ya Ufaransa, RFI, hutoa taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, na maandishi yake hupatikana bure katika intaneti. Sikiliza mara mbili bila kusoma, ndipo uyafuate maandishi kwa kidole, ukitamka kwa sauti hata watoto wakicheka.

Jina la kitu lisikaririwe peke yake. Meza ni "la table", kitabu ni "le livre". Aliyekua na ngeli za Kiswahili hatishwi na mafungu mawili.

Daftari moja latosha. Tahadhari iko katika bei. Mjini Paris 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Mkongo husema "septante", na 90 huiita "nonante". Anayetarajia kupatana bei na wanunuzi wa Kongo wajao Kariakoo aanze na hizo.